Reli Hupanda Mlimani, Mji Hubaki Bondeni

Babati haijawahi kuwa na reli. Kilichouzaa mji huu ni barabara: ile inayotoka Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, ambayo wakoloni wa Kiingereza waliihesabu kuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, na ile inayochepuka kuelekea Katesh na Singida. Pale njia zinapoachana pakakua soko, zikaja nyumba za kulala wageni, ikaja wilaya mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu yake. Ubavuni mwa mji kuna ziwa lenye viboko, na ziwa hilo limeshaingia mjini zaidi ya mara moja. Mafuriko ya 1964, 1979 na 1990 bado yanatajwa na wazee. Kila mara maji yalitoka kupitia Mto Kiongozi, na watu wakarudi kwenye viwanja vyao.

Halafu likaja la Katesh. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, ikateremka na tope, mawe na magogo kupitia Gendabi na Jorodom hadi katikati ya mji. Watu 89 walipoteza maisha. Ukipita huko leo kwa basi la Singida, bado unayaona makovu mlimani, michirizi mirefu iliyochunwa majani kutoka juu hadi chini. Lakini Katesh ipo. Maduka yamefunguliwa, mnada unaendelea, basi linasimama.

Swali langu ni hili: kwa nini mji mmoja unapigwa na maji au udongo kisha unasimama tena, na mwingine unapigwa pigo hilo hilo, au hata dogo zaidi, ukawa ndio mwisho wake? Miji ya reli inatusaidia kulijibu kuliko miji mingine, kwa sababu mji wa reli huzaliwa kwa sababu moja tu, nayo ikiondoka unaiona ikiondoka. Na jibu ninaloliona, baada ya kupitia visa vya Tanzania, Kenya, Uganda na kimoja cha Marekani, ni kwamba maafa hayaui mji moja kwa moja. Yanamlazimisha mwenye njia aamue upya kama atapita hapa. Naye huamua kwa faida ya njia yake. Mji hauulizwi.

Tuanze na ubishi ambao husikika kila mara reli inapokatwa na mafuriko: hawa wahandisi, Wajerumani kwa Waingereza, walikuwa vipofu hata wakapitisha treni mtoni? Hawakuwa vipofu. Treni haipendi mlima. Magurudumu ya chuma juu ya chuma hayana mshiko wa tairi juu ya lami, kwa hiyo mwinuko wa mita 2 katika kila mita 100, ambao basi linaupanda bila abiria kushtuka, kwa garimoshi lililosheheni mzigo ni kazi kubwa. Mhandisi asiye na fedha za mahandaki hutafuta mahali ambapo mlima umeshakatwa tayari, na aliyeukata ni mto. Ongeza hapo kwamba injini ya mvuke inakunywa maji kila baada ya safari fupi, utaelewa kwa nini stesheni zililazimika kukaa karibu na kijito. Sababu iliyoupa mji uhai ndiyo iliyouweka mahali pabaya.

Bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, ndilo mfano wetu mkubwa. Kilosa iko chini ya mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Dodoma iko juu ya mita 1,100. Katikati kuna ukuta: Milima ya Ukaguru upande wa kaskazini, Rubeho upande wa kusini. Mto umepenya hapo, na kila aliyewahi kwenda bara kutoka pwani alishawishika kuufuata. Misafara ya karne ya 19 ilipita humo. Henry Morton Stanley alilipita bonde hilo mwaka 1871, wakati wa masika, baada ya kuteseka kwenye matope ya Mkata, na alichoandika kuhusu tope hilo kilitosha kumwonya yeyote. Wajerumani walianza reli yao Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Kilosa 1909, wakaingia bondeni, na mwaka 1910 wakatokea Dodoma. Kufikia mwanzoni mwa 1914 walikuwa Kigoma. Kwa kasi hiyo hakuna aliyekuwa na muda wa kubishana na mto. Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, Gulwe: stesheni zikapangwa kando ya maji, mahali pengine tuta la reli na ukingo wa mto vikiwa karibu kugusana.

Stesheni za namna hiyo hazikuwa miji mikubwa. Zilikuwa na jengo la stesheni masta, tangi la maji, nyumba za magengi wanaotunza njia, maduka mawili matatu, na nyuma yake mashamba. Lakini treni ilipoingia, hasa usiku, pakawa mji kamili kwa dakika ishirini. Taa za chemli zilijipanga, masufuria yalifunuliwa, na mikono ya abiria ilitoka madirishani na noti. Aliyewahi kusafiri reli ya kati anaikumbuka Saranda, huko mbele ya Dodoma, kwa kuku wake. Uchumi wa mahali pale wote ulikuwa ndani ya zile dakika za treni kusimama. Sisi wa Babati tunaufahamu uchumi huo vizuri, ingawa kwetu unaitwa stendi. Basi la Dodoma likisimama, abiria wakishuka kuchimba dawa, mama mwenye mahindi ya kuchemsha ana muda mfupi wa kuuza. Dereva akiamua kesho kuchimba dawa mahali pengine, mama yule hana mahakama ya kumshtaki.

Mto Mkondoa uliikata reli mara nyingi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliifanyia uharibifu mkubwa. Lakini kipindi kilichoonyesha wazi mambo yalivyo ni Desemba 2009 na Januari 2010. Maji yaliingia mji wa Kilosa, maelfu ya watu wakaachwa bila makazi, na familia nyingi zikaishi kwenye mahema kwa muda mrefu. Kati ya Kilosa na Gulwe tuta lilisombwa vipande kwa vipande. Reli zenyewe hazikupotea. Chini yake ndipo palipoondoka, na vyuma vikabaki vikining'inia hewani pamoja na mataruma yake. Safari zilisimama kwa miezi kadhaa.

Wakati huo reli yenyewe ilikuwa mgonjwa. Tangu 2007 iliendeshwa na Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa, na mkataba huo ulikuwa umejaa migogoro: mishahara, vichwa vya treni, mabehewa, kila kitu. Muda mfupi baadaye mkataba ukavunjwa na serikali ikachukua tena hisa zote. Kwa hiyo mafuriko ya Kilosa hayakukuta kijiji cha stesheni chenye afya. Mzigo ulishahamia barabarani, malori yalishazoea lami ya Morogoro hadi Dodoma, na abiria wengi walikuwa wameshapanda basi. Maji yalipokata njia, aliyekuwa anasita alipata sababu ya kutorudi. Ndiyo maana napata shida kila ninaposikia mtu akisema mafuriko yaliua vijiji vya reli ya kati. Yalimalizia kazi ambayo kuchoka kwa shirika, ushindani wa malori na kuondoka kwa injini za mvuke vilishaianza.

Kisa kinachofanana mno na hiki, kwa mpangilio wa matukio ingawa si kwa umaskini wa wahusika, kipo Marekani, katika jimbo la Utah. Thistle ulikuwa mji mdogo wa reli ndani ya korongo la mto Spanish Fork, mahali ambapo njia kuu ya kampuni ya Denver and Rio Grande Western iliachana na tawi la kwenda Marysvale. Kazi ya mji ilikuwa kuzipa injini maji na makaa, na kuongeza injini za kusukuma treni zilizokuwa zinapanda mlima. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa na wakazi mia kadhaa. Kisha miaka ya 1950 zikaja injini za dizeli, ambazo hazikuhitaji maji wala msaada mwingi, na treni zikaanza kupita Thistle bila sababu ya kusimama. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Jengo la abiria lilibomolewa miaka ya 1970. Kufikia 1983 zilibaki familia chache tu.

Aprili ya mwaka huo, baada ya theluji na mvua nyingi, kilima kilianza kutembea. Hakikuanguka kwa kishindo kama Hanang. Kilisogea polepole, wafanyakazi wakinyoosha reli huku ikipinda tena mbele ya macho yao, mpaka udongo ukaziba korongo lote na mto ukageuka ziwa. Thistle ikazama ndani ya siku chache. Hakuna aliyekufa. Hasara ilizidi dola milioni 200, maporomoko ya ardhi yaliyoigharimu Marekani fedha nyingi kuliko yote kufikia wakati huo.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akiangalie kwa makini. Kampuni ya reli ilitoboa handaki katika mlima wa jirani, juu ya udongo ulioporomoka, na kwa takriban miezi mitatu treni za njia kuu zilikuwa zinapita tena. Kasi hiyo inastahili sifa. Lakini tawi la Marysvale, lililohudumia wakulima na miji midogo ya kusini, halikujengwa upya hata kidogo. Kampuni ilikuwa imeshaliona halilipi, na maporomoko yakaipa ruhusa iliyokuwa inaitafuta. Mji wa Thistle nao uliachwa ulipo. Ziwa lilipokaushwa zikabaki kuta chache zilizozama nusu kwenye matope, na leo watalii husimamisha magari kupiga picha. Njia kuu iliokolewa. Tawi likakatwa. Mji ukafutwa. Mlima haukuamua lolote kati ya hayo.

Sasa rudi Kilosa. Reli ya kisasa, SGR, kipande cha Morogoro hadi Makutupora chenye kilometa 422 za reli, pamoja na njia za kupishania, kilichojengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki, imefanya kile kile kilichofanywa Utah: imepanda. Kwenye milima ya Kilosa kuna mahandaki manne, jumla ya kilometa 2.7 hivi, na madaraja marefu yanayoiweka njia juu ya mto badala ya kando yake. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Safari iliyokuwa ya usiku kucha, na wakati wa mvua ya kubahatisha, sasa ni ya saa chache. Siwezi kuinung'unikia kazi hiyo, na sidhani kuna mtu wa Kilosa anayetamani reli irudi kwenye matope.

Ila tuangalie kilichotokea chini. Reli mpya ina stesheni Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu, majina yale yale ya zamani, na hilo ni jema, kwa sababu mpango ungeweza kuyaruka yote. Hata hivyo stesheni ya treni ya umeme si stesheni ya chemli. Ina uzio, ina lango la tiketi, treni inasimama dakika mbili, madirisha hayafunguki. Hakuna mkono unaotoka na noti. Kijiji kitakachofaidi ni kile chenye mzigo wa kupakia au abiria wa kutosha kuifanya treni isimame mara nyingi. Kile kilichoishi kwa kuuza chakula dirishani kimepoteza kazi yake hata kama hakijapoteza stesheni. Njia ya zamani bado ina treni zake, na kila masika mafundi wanarudi kwenye tuta lile lile kumwaga kokoto. Ipo siku mtu mwenye kalamu atauliza kama kuna haja ya kuendelea, na siku hiyo mto utakuwa na hoja nzuri tayari mkononi.

Mpaka hapa nimeieleza reli kama kitu kinachoonewa na maji. Kenya imetuonyesha upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu chini ya Kijabe, maji mengi yalishuka ghafla na kusomba kijiji cha Kamuchiri na majirani zake. Zaidi ya watu 50 walikufa. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kuwa hapakuwa na bwawa lililojengwa pale. Maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu njia ya maji inayopita chini ya tuta ilizibwa na magogo, mawe na udongo. Tuta liliposhindwa, kila kilichokusanyika kilitoka kwa mkupuo.

Kisa hiki kinafaa kusomwa na kila halmashauri yenye reli au barabara iliyoinuliwa. Tuta ni ukuta. Linakatiza kila korongo linalokutana nalo, na kinacholizuia lisiwe bwawa ni kalvati, tundu la upana wa mita chache ambalo lazima mtu alizibue kabla ya mvua. Enzi za magengi kulikuwa na watu walioishi kando ya njia, kilometa chache kati ya gengi na gengi, na kazi yao ilikuwa kutembea kwa miguu na kuangalia. Walijua kalvati lipi linakusanya takataka. Njia ikipungukiwa na treni, magengi huondolewa kwanza, kwa sababu kwenye hesabu za shirika wao ni mishahara tu. Tuta linabaki. Linabaki miaka 20, 30, likikusanya magogo kimyakimya, na watu wanajenga chini yake wakiamini kwamba kitu kilichosimama tangu enzi za babu zao hakiwezi kuwadhuru. Reli iliyoachwa ni hatari kuliko reli inayotumika, na sijaona nchi yetu yoyote yenye bajeti ya kuitunza reli isiyo na treni.

Uganda inatupa mpangilio mwingine tena, ambapo kazi iliondoka kwanza, reli ikafuata, na maji yakaja mwisho. Kasese ulikuzwa na reli: njia ya kutoka Kampala, kilometa 333 hivi, ilifika hapo mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, mgodi uliomo ndani ya bonde la mto Nyamwamba kwenye vilima vya Rwenzori. Kilembe ilijengewa nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, vyote ndani ya bonde jembamba, kwa sababu mgodi ulikuwa hapo. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Treni zikaendelea kwa kusuasua mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha zikakoma. Nyumba hazikubaki tupu. Waliozaliwa humo waliendelea kuishi, pamoja na wengine waliovutiwa na nyumba za matofali, hospitali na shule.

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika. Mwaka mmoja kabla yake moto ulikuwa umeunguza sehemu ya juu ya Rwenzori, na bondeni kulikuwa na marundo ya mabaki ya mgodi. Maji yalishuka na mawe makubwa kama nyumba, yakaharibu hospitali, madaraja na makazi, watu wakafa na maelfu wakahama. Mto ukafurika tena 2014, na tena Mei 2020. Angekuwepo mwenye mgodi mwenye faida, nina hakika mawe yangeondolewa mtoni ndani ya mwezi mmoja na kuta za kukinga zingejengwa, kwa sababu kila siku ya shaba kutosafirishwa ingekuwa hasara ya mtu mwenye nguvu. Lakini hakukuwa na treni inayosubiri. Walionusurika walisubiri serikali na mashirika ya misaada, na mto haukusubiri pamoja nao.

Ni lazima niongeze neno kuhusu magofu, kwa sababu wapo wanaotamani kuyatembelea. Ulaya na Marekani kuna watu ambao starehe yao ni kuingia miji iliyoachwa, kupiga picha milango iliyobaki wazi na vikombe juu ya meza. Huku kwetu starehe hiyo ina shida moja: hatuachi vitu. Reli isiyotumika huuzwa kuwa chuma chakavu, kwa kibali au bila kibali. Taruma la chuma linakuwa nguzo ya banda la mbuzi. Matofali ya nyumba ya stesheni masta yanajenga nyumba tatu za jirani, na kama nyumba bado ina bati, kuna familia ndani. Anayetafuta mji mtupu Afrika Mashariki hukuta watoto wanacheza mpira kwenye jukwaa la abiria. Napenda iwe hivyo, ila ina gharama yake: kwa kuwa mahali hapaonekani pameachwa, hakuna anayelazimika kukiri kwamba palishaachwa na waliopaswa kupatunza.

Kongwa ndipo nadharia yangu inapopata upinzani mkali, na kwa haki. Mwaka 1947 Waingereza walikuja huko na mpango wa karanga, mashine zilizotengenezwa kutoka vifaru vya vita, na tawi la reli lililotoka Msagali kwenye reli ya kati kupitia Kongwa hadi Hogoro. Mvua zilikuwa haba, udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafuta mpango mzima pamoja na pauni milioni 36. Ukame nao ni maafa ya asili, ingawa hauna kishindo. Tawi la reli liling'olewa miaka ya 1950. Kusini, reli ya Nachingwea iliyozaliwa na mpango huo huo ilifungwa 1962. Kwa hesabu zangu Kongwa ingepaswa kutoweka.

Haikutoweka. Majengo yaliyoachwa yalipata kazi nyingine: kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO walipewa kambi hapo, wakafuatwa na wa ANC, SWAPO na vyama vingine vya kusini mwa Afrika. Baadaye ikawa wilaya, na ardhi iliyowashinda wapanda karanga ikaonekana kuwa malisho mazuri ya ng'ombe, jambo ambalo wenyeji wangewaambia bure mwaka 1946 kama wangeulizwa. Kwa hiyo mji unaweza kupoteza reli na mvua kwa pamoja ukaishi, mradi mtu mwenye mamlaka auone una kazi nyingine na aamue kuuweka hai. Uamuzi bado ndio uliopima uzito. Safari hii ulielemea upande wa mji, basi.

Kwa macho hayo nitazame tena Manyara. Katesh ilisimama haraka, na sababu mojawapo ni ya wazi: tope lilifunika barabara ya Babati hadi Singida, na barabara hiyo ni njia ya malori ya nchi nzima. Mitambo ilifika, jeshi likafika, njia ikazibuliwa. Mji ulinufaika kwa kuwa ndani ya njia ambayo taifa lisingeweza kukaa bila hiyo. Serikali ilijenga zaidi ya nyumba 100 huko Waret kwa walioporwa makazi na mlima, na kuwaondoa watu kwenye mkondo wa tope ni hatua ya busara. Nyumba, hata hivyo, ni sehemu ya kwanza tu. Aliyekuwa na genge la nyanya hatua 50 kutoka basi linaposimama anahitaji pia mahali pa kuuzia. Asipopewa, atarudi kule kule bondeni asubuhi na kulala Waret usiku, na siku moja atachoka na safari hizo.

Babati nayo ina hesabu yake ya ziwa. Mafuriko ya 1990 yalikuta mji mdogo wa wilaya. Tangu hapo tumejenga ofisi za mkoa, stendi, shule na mitaa mipya, na kiwanja kinachotazama ziwa kinauzwa ghali kwa sababu ya mandhari yake. Mvua kama zile zikirudi zitakuta mji mwingine kabisa. Barabara kuu itaokolewa, sina shaka, kwa sababu Arusha na Dodoma zinaihitaji. Itainuliwa tuta. Hapo nitapenda kumwona mhandisi akijibu maswali ya Mai Mahiu hadharani: makalvati mangapi, ya upana gani, nani atayazibua, na maji yatakayozuiwa na tuta yatalala mtaa wa nani.

Na reli huenda ikaja. Mpango wa SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma una tawi la kwenda Minjingu, wilayani Babati, kuchukua fosfeti inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara kwa ajili ya mbolea. Minjingu ni tambarare, na tambarare kando ya ziwa ndiyo ardhi anayoipenda mtu wa reli. Litakuwa tawi la bidhaa moja, kama la Kilembe na shaba yake, kama la Kongwa na karanga zake. Kabla ya taruma la kwanza kulazwa, wananchi wa Minjingu wanayo haki ya kupata majibu mawili kwa maandishi: maji yakilikata tawi hilo katika mwaka ambao bei ya mbolea imeshuka, nani atalijenga upya, na asipolijenga, nani atalilinda tuta.